Sura ya Sita: Yote Anafanyiwa

Tuliitazama kwenye simu. Ilikuwa Oktoba 2020, nyumbani kwa dada yangu pale Ekero, nasi watu watano tumekizunguka kioo kisichozidi kiganja: dada, wanawe wawili, jirani aliyekuja kuchaji simu akaamua kukaa, na mimi. Simu ilikuwa ya mpwa wangu wa kike. Bando nilinunua mimi, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa nikiisifu filamu ambayo hata mimi sikuwa nimeiona. Sincerely Daisy ilikuwa imeingia Netflix mwezi huohuo: filamu ya Kenya, kuhusu msichana wa Kenya aliyemaliza sekondari, iliyoongozwa na Nick Mutuma, ambaye wengi wetu tulimjua kwa sura kabla hatujalijua jina lake. Mpwa wangu alikuwa mtahiniwa wa kidato cha nne katika shule ya kutwa. Alikuwa amekaa nyumbani tangu Machi, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, na ndiyo kwanza amerudi darasani tarehe 12 mwezi huo pamoja na watahiniwa wenzake. Kama kulikuwa na mtu ambaye filamu ile ilitengenezwa kwa ajili yake, ni yeye.

Tulipofika katikati akaniuliza, bila kuondoa macho kwenye kioo:

“Mjomba, mbona huyu yote anafanyiwa? Yeye mwenyewe amefanya nini?”

Nikamwambia asubiri, filamu haijaisha. Ikaisha. Jirani akachomoa simu yake akaaga, mpwa wangu akaenda kuosha vyombo, na swali lake halikurudiwa na mtu. Sura hii ni jibu nililopaswa kumpa jioni ile.

Kwanza niseme kwa nini nilikuwa na matumaini makubwa. Hadithi ya kukua, ile inayomchukua mtoto upande mmoja wa mto na kumfikisha upande wa pili akiwa mtu mwingine, ndiyo hadithi ambayo nchi yetu inaihitaji kuliko nyingine yoyote. Wakenya wengi ni vijana. Kila mwaka mamia ya maelfu yao humaliza mtihani wa KCSE na kusimama mahali ambapo hakuna anayewaita watoto tena na hakuna anayewaita watu wazima. Wanasubiri matokeo. Wanasubiri KUCCPS iwapangie kozi, wanasubiri mkopo wa HELB, wanasubiri mjomba fulani wa Nairobi apokee simu. Miezi ile ya kusubiri ina kila kitu ambacho mwandishi wa tamthilia angetamani: muda unaohesabika, jambo kubwa linaloweza kupotea, na nyumba nzima inayomtazama mtu mmoja. Filamu inayoanzia pale imeanzia mahali pazuri kabisa. Na Mutuma alianzia pale. Daisy, anayeigizwa na Ella Maina, amemaliza shule, ana mipango, dunia iko wazi mbele yake. Halafu nyumba ya wazazi inaanza kubomoka, na mapenzi, yaliyoanza kwa furaha, yanamletea maumivu.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Sisemi picha ni mbaya, la. Picha ni safi, nyuso zinapendeza kutazamwa, na Ella Maina anabeba uso wa msichana mwenye akili bila kujitutumua. Filamu inavunja moyo kwa jambo la ndani zaidi, nalo tunaweza kulishika kwa sarufi ya Kiswahili yenyewe. Sisi tuna kauli ya kutendwa. Kuacha, kuachwa. Kuumiza, kuumizwa. Kuamua, kuamuliwa. Chukua vitenzi vya maisha ya Daisy ndani ya filamu ile, uvipange kwenye karatasi, utaona vingi mno vinaishia na -wa. Nyumba inamvunjikia. Moyo anavunjwa. Analia, na kulia kwake ni kwa kweli, lakini machozi ni jibu. Hayajawa bado tendo. Kila pigo linapoisha tunamwona amepigwa zaidi, na tunaombwa tuamini kwamba amekua zaidi. Mpwa wangu aliona kwa nusu ya filamu kitu ambacho mimi nilihitaji miaka kukipatia maneno.

Tofauti hiyo huonekana hata jandoni. Kaskazini mwetu, kwa Wabukusu, tohara hufanywa Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili. Watu wa mbali husimulia kisu, kwa sababu kisu kinatisha. Lakini kisu ni dakika moja. Kabla yake kuna siku nyingi ambazo kijana ndiye mwenye kazi. Yeye ndiye huomba. Humwendea baba akamwambia yuko tayari, na baba anaweza kumkejeli, amwambie bado ni mtoto, arudi kulala. Akishakubaliwa hufunga njuga, hushika chinyimba, vile vyuma vinavyogongwa vikalia, akazunguka kwa miguu yake mwenyewe kuwaalika ndugu, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa wajomba zake. Alfajiri ya siku yenyewe hupakwa tope mtoni na kurudi nyumbani akitembea, watu wakiimba kumzunguka, akasimama wima. Neno “kutahiriwa” ni la kutendwa, ni kweli. Ila ibada nzima imejengwa ili mtoto atende mambo kumi kabla ya kutendewa moja. Wazee waliotunga utaratibu huo hawakusoma chuo chochote cha uandishi wa filamu, lakini walijua kwamba maumivu peke yake hayamkuzi mtu. Kama maumivu yangekuza, kila mgonjwa hospitalini angekuwa mzee wa busara.

Sasa kwa nini mtu mwenye kipaji kama Mutuma aliangukia hapo? Nina dhana, na naitoa kwa heshima, kwa sababu nampenda mwigizaji huyu. Naamini jibu liko katika uigizaji wenyewe.

Mwigizaji mzuri hufunzwa kupokea. Muulize yeyote aliyepita kwenye tamasha la drama la shule, atakwambia kosa la kwanza ambalo mwalimu humkemea mtoto jukwaani ni kusema maneno yake bila kumsikiliza mwenzake. Sikiliza, anaambiwa, acha neno la mwenzako likuguse, kisha ujibu. Baada ya miaka kumi ya kazi hiyo uso wako unakuwa kama ngoma: ukiguswa unalia. Ni ujuzi mkubwa. Lakini mtu huyo akiketi kwenye kiti cha mwongozaji, kuna hatari ya kutengeneza mhusika mkuu ambaye ni ngoma tupu. Atamtafutia mtu wa kumgonga, na mwingine, na mwingine, kwa sababu anajua kwamba kila akigongwa mwigizaji wake atapata nafasi ya kung'aa. Kamera itakaa karibu na uso, kwa sababu huko ndiko mwongozaji mwenyewe alikoishi. Mikono ya mhusika, miguu yake, mfuko wake una shilingi ngapi, haya yanabaki nje ya picha.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya kihistoria. Mutuma alijulikana na wengi kwa uhusika wa Leo katika Shuga, tamthilia ya MTV ambayo pia ilimtambulisha Lupita Nyong'o kwa vijana wa Kenya. Shuga ilianza mwaka 2009 ikiwa na kazi maalumu: kuwazindua vijana kuhusu virusi vya ukimwi, na nyuma yake kulikuwa na fedha na ushauri wa mashirika kama UNICEF. Ilikuwa kazi njema na iliokoa watu, siwezi kuisema vibaya. Lakini tamthilia ya aina hiyo huutazama ujana kama barabara yenye mashimo. Mhusika anaendesha, shimo linakuja, anaingia, watazamaji wanajifunza mashimo yako wapi. Kizazi kizima cha waigizaji wetu kililelewa katika mtindo huo, na kilipoanza kuongoza kilibeba mtindo huo mfukoni. Ukiondoa ujumbe wa afya, kinachobaki ni mashimo. Talaka, shimo. Usaliti, shimo.

Mtu anaweza kuniambia nadai makubwa mno kwa filamu ya bajeti ndogo. Nakataa. Kumfanya msichana aamue jambo hakuhitaji pesa zaidi ya kumfanya alie. Kunahitaji miezi zaidi mezani na mswada.

Na ushahidi kwamba mwigizaji anaweza kulifanya upo, tena ni wa hapahapa kwetu. Mwaka 2019 Chiwetel Ejiofor, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, alitoa The Boy Who Harnessed the Wind, filamu ndefu ya kwanza aliyoiongoza. Ni kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyetengeneza kinu cha upepo wakati wa njaa ya mwanzo wa miaka ya 2000. Aliyemwigiza William ni Maxwell Simba, mtoto wa Kenya. Ejiofor mwenyewe alichukua nafasi ya baba, Trywell, na akaigiza sehemu kubwa kwa Kichewa, lugha ambayo haikuwa yake. Walipiga picha Wimbe, kijiji chenyewe cha William.

Niliwahi kuitazama filamu hiyo pamoja na shemeji yangu, baba wa mpwa huyu, ambaye ni mkulima. Hakusema neno kwa saa nzima. Mwishowe alisema jambo moja tu: wale watu wanajua mahindi. Alisema kweli. Katika filamu ile njaa ina kalenda. Miti inakatwa, mvua inazidi, kisha jua, ghala linapungua, mlo unakuwa mmoja kwa siku. William anafukuzwa shule kwa kukosa ada, na hapo angeweza kukaa chini akalia kama Daisy, tukamwonea huruma. Lakini tazama anachofanya. Anajua siri ya dada yake, kwamba ana uhusiano na mwalimu, na anaitumia siri hiyo kumbana mwalimu ili aruhusiwe kuingia maktaba. Ni tendo la aibu kidogo! Mtoto mwema amefanya jambo lisilo jema, kwa sababu anataka kitu kuliko anavyotaka kuwa mwema. Tangu dakika hiyo anaacha kuwa mtoto wa kuhurumiwa.

Na kilele cha filamu kiko kwenye baiskeli. William anahitaji baiskeli ya baba yake aikate, aitumie kwa kinu. Ndiyo mali kubwa iliyobaki nyumbani. Baba anakataa kwa hasira kali, na hasira hiyo tunaielewa, kwa sababu tumeona kila kitu kingine kikiondoka. Ejiofor ni mwigizaji mkubwa, angeweza kuufanya wakati huo uwe wake. Badala yake aliuacha uwe swali kati ya watu wawili: je, baba atamwamini mtoto kwa kitu ambacho akikosea hakirudi? Mtoto anaomba. Mzee anakataa. Mtoto anaomba tena. Kumbuka kijana wa Kibukusu mbele ya baba yake. Ni mchezo uleule, ila pale Wimbe kisu kinaikata baiskeli.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya filamu mbili za waigizaji waliogeuka waongozaji. Wote wawili wanajua uso. Mmoja aliuliza uso huo unataka kufanya nini.

Watazamaji wa kwetu Ekero waliijua tofauti hiyo zamani, maana filamu hazikuanza na Netflix. Kituo chetu kiko kwenye mlango wa Mumias, na Mumias ni mji uliozoea mambo kutoka mbali kwa muda mrefu. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika kwa mfalme wa Wawanga, Nabongo Mumia, katika karne ya 19, ikaacha Uislamu na Kiswahili ambacho wazee wa hapa bado wanakisema kwa lafudhi yao wenyewe. Kwa hiyo filamu ya Kichina au ya Kihindi ilipoingia kwenye kibanda cha video, watu hawakushangaa. Walitaka tu mtu wa kuwatafsiria. DJ Afro akawa jina linalojulikana kuliko la mwigizaji yeyote wa ndani ya picha, kwa sababu sauti yake ndiyo iliyoiweka filamu ya ng'ambo kwenye mdomo wetu. Nilikua kwenye mabenchi hayo. Na kwenye benchi la kibanda kuna neno moja ambalo wahakiki wa magazeti hawalitumii na wanapaswa kulitumia: stelingi. Stelingi ni yule ambaye filamu ni yake. Anapigwa, ndiyo, mara nyingi anapigwa vibaya mwanzoni, lakini kila mtu kwenye benchi anajua atainuka na kufanya kitu, na ndiyo sababu ya kulipa kiingilio. Mtu anayepigwa mpaka mwisho hana jina kwenye kibanda. Anaitwa “yule aliyepigwa”.

Sidhani ni ajali kwamba filamu mbili za kukua ambazo Kenya inaweza kujivunia zimeweka jicho lao kwenye kibanda. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, ambayo ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kushindania Oscar ya lugha ya kigeni, inamwanza Mwas akiwa kijijini, anauza filamu huku akiigiza mapigano yake mbele ya wateja. Akifika Nairobi anaporwa. Anatupwa jela. Anafanyiwa mengi kuliko Daisy. Lakini Mwas anataka kuwa mwigizaji, na hamu hiyo haimwachi atulie; anajifunza wizi upande mmoja na maneno ya jukwaani upande mwingine, mpaka maisha hayo mawili yanagongana naye inabidi achague. Joseph Wairimu aliicheza njaa hiyo kwa namna ambayo benchi zima lingempa ustelingi bila mjadala. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, ina mtoto ambaye hawezi hata kuamua kuishi. Jo ana miaka tisa na ugonjwa usiopona. Nani angemlaumu mwongozaji kwa kumfanya alale kitandani apokee huruma zetu? Ila Jo anataka kuwa shujaa wa filamu, na kijiji kizima kinaacha kazi zake kumtengenezea filamu hiyo. Mtoto anayekufa ana matendo mengi kuliko msichana mzima wa Nairobi mwenye maisha yote mbele yake. Hukumu yangu juu ya Sincerely Daisy ingeweza kuishia hapo.

Lakini kuna jambo lililotokea jirani yetu ambalo limeniongezea ukali, na sitalipita.

Butere iko karibu na Ekero, mwendo wa bodaboda. Shule ya wasichana ya Butere ina historia ndefu ya drama. Mwaka 2013 wasichana wake waliigiza Shackles of Doom, mchezo wa Cleophas Malala kuhusu ukabila na mgao wa mali ya nchi, ukapigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikauondolea marufuku. Miaka 12 baadaye wasichana wengine wa shule hiyohiyo, ambao mwaka 2013 walikuwa wadogo wa chekechea, walikuwa na mchezo mwingine wa Malala, ambaye sasa alikuwa seneta wa zamani wa Kakamega. Uliitwa Echoes of War. Ulizuiwa. Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe kushiriki tamasha la kitaifa. Aprili 2025 wakapelekwa Nakuru. Malala, aliyekuwa akiwaandaa, alikamatwa na polisi alipojaribu kuwafikia usiku wa kuamkia siku yao. Asubuhi ya tarehe 10 wasichana wakaingizwa ukumbini bila mwandalizi wao, bila hadhira, na bila vifaa vyao vya sauti. Nje kulikuwa na polisi na vitoza machozi.

Hebu fikiri jambo hilo kama mwandishi wa filamu. Una kundi la wasichana wa umri wa Daisy. Wamefanyiwa kila kitu: wamezuiwa, wameruhusiwa, wamesafirishwa, wametishwa, wamenyang'anywa. Kila kitenzi kinaishia na -wa. Waandishi dhaifu wangewaonyesha wakilia, na kweli walilia, tuliona picha zao wakipita kwenye basi huku machozi yakiwatoka. Lakini kabla ya hayo walifanya jambo moja. Waliimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka jukwaani bila kuigiza mchezo wao.

Nimeutafakari uamuzi huo mara nyingi. Wangeweza kuigiza, kwa sababu ndicho walichokuwa wakidai. Wangeweza kukataa kwa ghasia. Walichagua wimbo ambao hakuna afisa anayeweza kuukatiza bila kujiaibisha, wakauimba wakiwa wamesimama wima, wakatoka. Wasichana walioingia ukumbini na wasichana waliotoka walikuwa na umri uleule na hawakuwa watu walewale. Huko ndiko kukua, tena kumetokea mbele ya nchi nzima, kwa dakika chache, bila mwanga wa filamu wala muziki wa kutuambia tuhisi nini. Yeyote anayesema msichana wa Kenya wa miaka 17 hana matendo ya kutosha kujaza filamu, na aanze na dakika hizo.

Nirudi nyumbani kwa dada yangu.

Mtihani wa KCSE wa mwaka 2020 ulisogezwa mbele na kufanywa kati ya Machi na Aprili 2021. Matokeo yakatoka Mei. Mpwa wangu hakupata alama aliyoitaka. Wakati huo nyumba yao haikuwa na pesa. Hii ni nchi ya miwa, na miwa ndiyo iliyosomesha sisi tuliotangulia. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na kwa miongo mitatu ada za shule za eneo hili zilipimwa kwa tani. Kufikia 2019 kiwanda kilikuwa mikononi mwa meneja mrasimu, kwa sababu ya madeni. Shemeji alikuwa ameshang'oa miwa yake akapanda mahindi. Hakuna mwongozaji aliyehitaji kubuni mzozo katika nyumba ile. Ulikuwa shambani, unaonekana kutoka barabarani.

Baba wadogo wa mpwa wangu walikaa kikao wakaamua asomee ualimu wa chekechea, chuo kilikuwa karibu na ada ilikuwa nafuu. Waliamua kwa nia njema. Yeye alitaka uuguzi. Katika miezi ile shule zilipofungwa alikuwa akiuza maandazi asubuhi kwenye stegi ya Ekero, na hakuna aliyejua kwamba pesa za maandazi alikuwa akiziweka. Siku moja alipanda matatu mpaka ninakoishi, bila kumwambia mama yake, akaketi, akanionyesha salio la simu, akasema: “Mjomba, nimekuja kukuomba usimame nami mbele yao. Ukikataa nitaenda mwenyewe.” Sikumbuki nilijibu nini mara moja. Nakumbuka nilitazama viatu vyake, vilikuwa na tope la njia nzima.

Nilisimama naye, na kikao hakikuwa rahisi. Baba mdogo mmoja hakuzungumza nami kwa karibu mwaka mzima.

Sisimulii kisa cha mpwa wangu ili kumshindanisha na Daisy. Nakisimulia kwa sababu siku ile ya simu na bando alikuwa ametazama filamu nzima akitafuta mahali ambapo msichana wa umri wake anapanda matatu bila kumwambia mama yake, na hakupaona. Aliponiuliza “yeye mwenyewe amefanya nini?” alikuwa na mpango wake tayari kichwani, ameuficha pamoja na pesa za maandazi. Alitaka kujua kama kuna mwingine.

Kwa hiyo jibu langu, mpwa wangu, ni hili. Uliona sawasawa. Filamu ile ilimpenda Daisy kiasi cha kutomruhusu akosee, na msichana asiyeruhusiwa kukosea hawezi kufanya lolote. Mwigizaji wake alikuwa tayari. Kisa chake hakikuwa tayari.

Na kwa Nick Mutuma, na kwa kila mwigizaji wetu anayejiandaa kuketi kwenye kile kiti: njooni Ekero Januari, matokeo yanapotoka. Njooni na kamera moja. Kaeni wiki mbili kabla hamjaiwasha. Ketini stegi asubuhi mwone nani anauza nini na pesa zinaenda wapi, na mkimwona msichana anapanda matatu peke yake akiwa na tope viatuni, mfuateni mjue anaenda kumwomba nani.